Samaki Walioshonwa Matumbo

Nyumba ya Kinue Itagaki iko mtaa wa maseremala, mjini Ogase, na ukisimama mlangoni unaona moja kwa moja mpaka uani. Zamani nyumba zote za mtaa huo zilikuwa hivyo, nyeusi kwa moshi, zenye ukumbi mrefu wa udongo ulioshindiliwa ukawa mgumu kama jiwe. Sasa nyingi zimebomolewa pakawa mahali pa kuegesha magari. Yake imebaki kwa sababu yeye hakukubali. Aliyekuja kumshawishi auze aliondoka na chai tumboni, basi.

Juu ya ukumbi zimepita boriti, na kwenye boriti kuna kulabu za chuma alizozipigilia babu wa mumewe. Ukiingia mwezi wa kumi na moja kulabu hizo hujaa samaki. Huku kwetu ukisema samaki, bila jina, umesema samoni, yule anayepanda mto wetu wakati wa baridi kuja kutaga na kufa. Wengine wote wana majina yao. Huyu hana haja ya jina.

Kinue alipoletwa nyumba ile akiwa bibi harusi, jambo la kwanza kufundishwa na mama mkwe halikuwa wali wala kukunja magodoro. Lilikuwa tumbo la samaki. Tumbo halipasuliwi moja kwa moja. Unaanzia chini ya koo, unashuka kidogo, unainua kisu, unaacha pande la upana wa kiganja, halafu unaendelea mpaka mwisho. Lile pande la katikati linabaki limeshikana. Sisi ni mji wa ngome, na zamani askari wa bwana wa ngome wakikosa walijipasua matumbo wenyewe, ndiyo ilikuwa hukumu yao. Samaki aliyetulisha miaka yote hatumfanyii vile. Wala hatumtundiki kwa shingo, maana hajaiba cha mtu. Anatundikwa kwa mkia, kichwa chini. Miji mingine wanampasua kama mtu anayefungua begi. Hiyo shauri yao.

Kwenye chumvi mama mkwe alimsifu. Kinue alikuwa anasugua kutoka mkiani kwenda kichwani, kinyume cha magamba, mpaka viganja vinawaka moto, na halalamiki. Kwenye kisu hakumsema. Lakini kwenye kushona nguo alimsema mpaka siku anaingia kaburini. "Kinue anashona kama anafunga gunia," alikuwa akiwaambia majirani, Kinue mwenyewe yupo hapo hapo anawamiminia chai. Tokuji, mumewe, alikuwa akisikia neno gunia anainamisha kichwa ndani ya bakuli lake ili asionekane anacheka.

Tokuji alikuwa seremala, na samaki wakianza kupanda alikuwa anaacha randa na kwenda mtoni na wanaume wenzake kuvuta nyavu. Alifanya hivyo tangu ndevu hazijaota. Theluji ilipoyeyuka mwaka huu ninaousimulia, kiharusi kilimpiga akiwa amekaa uani ananoa patasi. Upande wa kulia wote ukafa. Maneno yakawa yanatoka moja moja, na kila moja linamtoa jasho.

Kinue alimtandikia chumba kilicho karibu na ukumbi, akasukuma milango ya karatasi ikabaki wazi, ili mzee awe anaona mlango wa mbele na watu wanaopita. Alilala hapo kiangazi chote. Daktari alipokuja wakati majani yanageuka rangi, alimvuta Kinue pembeni karibu na ndoo, akamwambia, "Mama, anachotaka kula mpe. Usimnyime kitu." Kinue si mtoto, alielewa.

Akarudi akapiga magoti kando ya godoro. "Unataka kula nini, baba?"

Tokuji alifikiri sana. "Samaki," akasema. Akapumzika. "Wa mto. Kufunga mwaka."

Jioni ya kufunga mwaka, kila nyumba ya Ogase inachoma samaki. Kipande cha kwanza, chenye lile pezi la nyuma ya shavu, ni cha mwenye nyumba, hata kama mwenye nyumba ni mlevi, hata kama hajaleta senti nyumbani. Kinue alikuwa amempa Tokuji pezi la kwanza kila mwaka tangu baba mkwe alipofariki. Basi ombi lilikuwa dogo. Aliitikia, "Sawa," haraka, kama mtu aliyeombwa maji.

Ila mwaka ule mto haukuleta kitu.

Watu walisema bahari imekuwa ya moto. Wengine walisema samaki wamehamia kaskazini, wengine walisema wameisha tu. Wanaume walisimamisha mtoni uzio wao wa kunasia samaki kama kawaida, na maji yakapita katikati ya nguzo, na majani yakapita, na bata wakapita. Wachache walioingia walipelekwa kwenye kituo cha kuzalishia wakakamuliwa mayai, maana bila hivyo hata mjukuu wa mtu hatakuja kuona samaki. Kinue alikuwa anapanda darajani asubuhi na mfuko wa kitambaa mkononi, anaangalia chini, anarudi na mfuko mtupu. Akiingia ndani, Tokuji amekwisha kuinua macho kwenye boriti.

"Wapi?"

"Bado," Kinue anamjibu. "Wanachelewa mwaka huu."

Kesho yake tena. "Wapi?"

"Bado, baba."

Ndipo siku moja akaja Isao, mkuu wa wavuvi wa mto, mzee mwenye masikio mekundu mwaka mzima. Hakuingia mlango wa mbele, alizungukia uani, amebeba kitu ndani ya gazeti. Dume, mrefu, pua imepinda kama kulabu, madoa mekundu ubavuni. Madume hayana mayai, kwa hiyo kila mtu wa uzio alikuwa amepewa mgao wake mdogo.

"Huyu wa Tokuji," Isao akasema.

"Mmewagawia na wagonjwa?"

"Tumegawa." Akaangalia pembeni. "Chukua bwana, mikono inaniganda."

Kinue alimfanyia samaki yule kila kitu kama anaangaliwa na mama mkwe. Aliacha lile pande la katikati. Alisugua chumvi mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Siku za chumvi zilipotimia alimwosha kwa maji ya kisima, akamfunga mkia kwa kamba ya katani aliyoisokota mwenyewe, akamtundika kulabu ya mwisho, ile iliyo karibu kabisa na chumba cha mgonjwa. Upepo unaingia mlango wa mbele na kutokea uani, unampita hapo.

Tokuji alimtazama muda mrefu. Upande mmoja wa mdomo ukapanda. Halafu macho yakaenda kwenye kulabu nyingine zote, tupu mpaka mlangoni.

"Wengine?"

Kinue akajifanya anachochea jiko la makaa.

Sasa huku, mwaka huo huo ambao mto umekauka samaki, ndipo mji wetu ulipoingia kwenye jarida. Jarida la watu wa kwenda likizo, la karatasi laini. Waliandika miji midogo mizuri ambayo watu hawaijui, na Ogase ikiwemo, na picha iliyowekwa ilikuwa dari la Kinue, iliyopigwa miaka ya nyuma likiwa limejaa samaki vichwa chini.

Chizuru aliuleta ule ukurasa akiwa anauinua kama mtoto mchanga. Chizuru ni binti wa muuza tofu, ile jibini ya soya, wa mtaa wa chini, mwanamke mtu mzima sasa, anafanya kazi ofisi ya mji, anashughulika na wageni.

"Mama Kinue, soma hapa. 'Mji mdogo usiojulikana.'"

"Haujulikani na nani? Mimi naujua tangu nizaliwe."

"Ndiyo wanavyosema wao."

"Basi waseme wao ndio hawajulikani. Mimi siwajui."

Lakini wageni walianza kushuka stesheni. Wawili wawili kwanza, baadaye makundi, na jarida mkononi, na viatu visivyofaa kwa theluji. Walikuja mpaka mlangoni kwa Kinue, wakachungulia ndani, wakaangalia juu, wakaangalia picha, wakaangalia tena juu. Mmoja aliuliza kwa adabu kama hii ndiyo nyumba. Masue, jirani wa pili, mjane kama mshale kwa maneno, anayeuza maandazi ya maharage na chai, alimjibu akiwa kizingitini kwake, "Nyumba ndiyo. Samaki ndio wamehama."

Chizuru akarudi, safari hii bila jarida.

"Mama Kinue, tumepata samaki. Wa bahari nyingine, mbali, lakini samaki. Wamekwisha kutiwa chumvi. Tunaomba tuwatundike kwako."

"Hapana."

"Watu wameacha kazi zao wakapanda treni. Tutawaonyesha nini, kulabu?"

"Kulabu nzuri hizo. Chuma cha zamani."

"Mama."

"Waonyeshe mto."

"Mto hauna kitu."

"Basi wauone hivyo hivyo hauna kitu. Ndivyo ulivyo."

Masue alikuwa amejipenyeza nyuma ya Chizuru, mikono bado ina unga. "Wewe dada kwako rahisi," akasema. "Mimi nimepika maandazi ya kujaza jahazi. Wageni wasipokuja nitayala mwenyewe mpaka nipasuke, na wewe ndiye utakuja kunizoa."

"Siku zote unatafuta sababu ya kula."

"Na wewe siku zote unatafuta sababu ya kukataa. Mwaka waliotaka kuweka taa za barabarani ulikataa. Leo unazitumia."

Kinue alikuwa anajiandaa kujibu, na alikuwa na jibu zuri, lakini kutoka chumbani ikatoka ile sauti, ya kukwaruza, ya mtu anayesukuma kabati zito.

"Wengine... wapi?"

Chizuru aliinamisha macho. Kinue alisimama pale na kitambaa cha kufutia mkononi. Kila asubuhi mzee anafungua macho, na kitu cha kwanza anachokiona ni kulabu tupu. Bahari hawezi kuipoza. Mguu wa Tokuji hawezi kuufufua. Dari angalau lilikuwa lake.

"Waleteni," akasema. "Mje mchana, mzee akiwa amelala."

Walikuja ndani ya maboksi meupe. Kinue alifungua la kwanza, akamgeuza samaki, akamrudisha. Akafungua la pili. Wote walikuwa wamepasuliwa kutoka koo mpaka mwisho, tumbo wazi kama mlango.

"Mama Kinue, nani atajua?" Chizuru akauliza, na hakuwa anauliza kwa ubaya.

Kinue akaonyesha kwa kidevu chumba cha mgonjwa. "Yule pale. Amelala chini yao. Yeye ndiye atakayeyaona matumbo kuliko wote."

Akaenda kabatini akatoa sindano ya kushonea magodoro na uzi mweusi, kwa kuwa mweupe ulikuwa umekwisha. Akakaa kwenye kigoda uani, samaki mapajani, akaanza kushona. Alikuwa anavuta pande mbili za tumbo pale katikati, upana wa kiganja, anapitisha sindano, anakaza. Masue alisimama akamtazama kwanza, mdomo wazi. Halafu akaenda kwake, akarudi na sindano yake.

"Tumekuwa madaktari uzeeni," akasema akikaa.

"Shona."

"Mgonjwa wangu huyu hapumui, daktari."

"Wa kwangu ameniuliza kwa nini nesi ananuka maandazi."

Walicheka mpaka Masue akajichoma kidole. Chizuru alikuwa anawapokea waliokwisha shonwa na kuwafunga mikia kwa kamba za plastiki za bluu. Jioni dari lilikuwa limejaa. Kinue alisogeza kila mmoja kwa mkono wake, matumbo yatazame chumbani, mishono ionekane kama nyama iliyoachwa. Ukiwa chini, na macho ya uzee, huwezi kujua.

Tokuji aliamka. Macho yalienda polepole kutoka kulabu ya kwanza mpaka ya mwisho. Chozi likatoka kwenye jicho la upande uliokufa, lile linalotoka tu lenyewe, daktari alisema halina maana.

"Wengi," akasema.

"Mm."

"Mwaka... mzuri."

Kinue akamvuta shuka mpaka shingoni. "Mzuri," akasema.

Isao alipita siku ya pili kuangalia. Alisimama chini ya samaki, akainua uso, akatazama tumbo moja, na la pili, akajikuna sikio.

"Umeshona?"

"Nimeshona."

"Haya," akasema, na akaenda kuota moto.

Wageni walikuja. Walikuwa watu wazuri, nani aseme walikuwa wabaya. Walivua kofia mlangoni. Walisema harufu ni nzuri hata wale waliokuwa wanapumua kwa mdomo. Bwana mmoja mnene aliuliza, "Kichwa chini hivi, damu haiwapandi?"

"Walishakufa, bwana," Kinue akamjibu.

Mke wake akamfinya ubavuni, "Hata likizo unaniaibisha." Walipigana picha huku wanacheka. Mwingine, mwanamke wa miwani, akauliza kama samaki wote hawa ni wa mto ule waliouona kutoka darajani. Kinue hajawahi kusema uongo kuhusu samaki.

"Ofisi ya mji ndiyo inajua," akasema.

Katika wote wale wa mto alikuwa mmoja, wa kulabu ya mwisho. Alikuwa anakauka vizuri ajabu. Rangi yake iligeuka ikawa kama kahawia ya nyumba, kama boriti zenyewe, na pale shavuni mafuta yalianza kutoka kama jasho. Kinue alikuwa akipita anamgusa kidogo kwa mgongo wa kidole, kama unavyopima homa.

Zilipobaki siku chache mwaka uishe, homa ikaja kweli, lakini kwa Tokuji. Kifua kilikuwa kinakoroma. Gari la wagonjwa lilimchukua asubuhi na Kinue akapanda nyuma na blanketi. Kabla mlango haujafungwa alimwambia Masue, "Fungua nyumba, wageni wasisimame kwenye theluji. Angalia moto."

Juu ya samaki wa kulabu ya mwisho hakusema kitu. Hakuona haja. Kamba ya katani mtu wa Ogase anaijua. Aliyetundikwa kwa katani ni wa nyumba, haguswi na mtu bila mwenye nyumba kusema. Hiyo haifundishwi, unakua nayo. Kinue hakukumbuka kwamba akina mama wa kikundi cha kukaribisha wageni, wanaosaidia ukumbini mwake, wanakaa ng'ambo ya reli, kwenye nyumba mpya, na wengi wao wameolewa hapa kutoka kwingine.

Kinue alirudi na Tokuji baada ya siku mbili, amepungua, lakini homa imeshuka. Walipomlaza, Chizuru alikuwa amekwisha fika, mashavu mekundu kwa baridi na furaha.

"Mama Kinue, jana kulikuwa na kundi kubwa kutoka mji mkuu. Mmoja anaandika mambo ya safari. Waliomba kuonja. Mimi nilikuwa stesheni, Masue alikuwa ameshikwa na wateja, lakini akina mama walijitahidi sana. Walichagua aliyekauka vizuri kuliko wote, wakamkata vipande vidogo wakaweka kwenye vijiti, na pombe ya mchele. Wageni wamesifu, wamesifu mpaka basi."

Kinue alikuwa amegeuka. Kulabu ya mwisho ilikuwa na kamba ya katani tu, imening'inia, fundo lake bado limekaza. Walimkata chini kidogo ya fundo, kipande cha mkia kikachomoka, wakaiacha kamba.

"Kichwa?" akauliza.

"Wakachemsha supu. Si kwetu hakitupwi kitu, wewe mwenyewe ndivyo unavyosema."

"Mifupa."

"Kwenye supu pia."

"Pezi la kwanza."

"Alilila yule mwandishi. Alilipiga picha kwanza, halafu akalitafuna, akasema..." Hapo Chizuru akafuata macho ya Kinue. Baba yake anauza tofu mtaa wa chini, na nyumbani kwao pia walikuwa wanatundika. Aliiona kamba. Rangi ikamtoka usoni kama umemwaga maji.

"Mama Kinue. Yule alikuwa..."

"Alikuwa."

Chizuru akapiga magoti pale pale ukumbini, akainama mpaka paji la uso likagusa udongo. "Nifanye nini? Niambie nifanye nini."

Kinue alitaka kukasirika. Alimtafuta mtu wa kumkasirikia na hakumpata. Akina mama walichagua mzuri ili kuuheshimu mji. Mgeni alikula alichopewa. Masue alikuwa anauza maandazi, ndiyo kazi yake. Na kinywa kilichoshindwa kusema neno moja kabla mlango wa gari haujafungwa kilikuwa cha nani?

"Inuka," akasema. "Udongo una unyevu, utaumwa magoti."

Alikwenda kwa Isao akiwa hata hajabadilisha viatu. Uzio wa mtoni ulikuwa umekwisha ng'olewa, nguzo zimelazwa ukingoni zimefunikwa na theluji. Isao alikuwa anakula tambi mbele ya runinga.

"Sitaki mzima," Kinue akasema. "Kipande tu. Chenye pezi. Mgao wako bado upo?"

Isao aliweka vijiti chini. Mke wake akachungulia kutoka jikoni.

"Mgao wangu," akasema, "ndio ule niliokuletea."

Mke wake akarudi jikoni.

"Ulisema mmewagawia wagonjwa."

"Nilisema tumegawa. Tulichogawa ni kile." Akaishika rimoti ya runinga akapunguza sauti, ingawa ilikuwa ndogo tayari. "Usimwambie Tokuji, bibi. Atanicheka."

Kinue alipita darajani wakati wa kurudi. Hakuwa na mfuko. Alisimama akaangalia maji, si kwamba alikuwa anatafuta kitu.

Siku ya kufunga mwaka alifagia ukumbi, akabadilisha maji ya maua kwenye kibweta cha kuwakumbukia marehemu, akachemsha viazi na uyoga. Jioni, kukiwa bado kuna mwanga, alishusha samaki mmoja, wa kamba ya bluu. Alichagua mwenye pezi zuri. Jikoni alikata mshono, akavuta uzi, akautia motoni. Alipapasa tumbo kwa kidole kuhakikisha. Halafu akakata kipande kipana, kutoka nyuma ya shavu kushuka mpaka tumboni penye mafuta, maana Tokuji hawezi tena kutafuna nyama ngumu. Akakichoma juu ya makaa, mafuta yakalia, moshi ukapanda kwenye boriti kama kila mwaka.

Masue alipitisha kichwa mlangoni, akaona, hakusema neno la utani. Aliacha sahani ya maandazi kizingitini akaenda zake.

Kinue alimwinua Tokuji akamwegemeza kwenye mito, akamfunga kitambaa chini ya kidevu. Aliweka sahani ile nyekundu, ya mababu, mbele yake kwanza, ili aone pezi. Mzee aliliangalia. Mkono wa kushoto ulisogea kidogo kwenye shuka.

"Pezi la mwenye nyumba," Kinue akasema, kama inavyosemwa.

Akachambua nyama kwa vijiti, akamlisha. Tokuji alitafuna upande mmoja, polepole, macho yamefumbwa. Kinue alimtazama koo. Nyama ilishuka. Akampa tena, hii kutoka tumboni, laini. Akatafuna. Halafu akaacha kutafuna.

Ulimi ulikuwa unatafuta kitu ndani ya shavu. Ulitafuta, ukakipata, ukakisogeza mpaka midomoni. Kinue akasogeza vidole, akidhani ni mfupa, akakivuta. Kilikuja kirefu kuliko mfupa. Kilikuwa uzi mweusi.

Aliushika hewani. Alikuwa amevuta mshono wote, angeweza kuapa amevuta wote, lakini Masue alishona wengine, na Masue hupiga mshono mara mbili. Au ulikuwa wa kwake. Hakujua. Tokuji alifungua macho akautazama uzi. Akainua macho kwenye boriti, kwenye matumbo yote yaliyomtazama, akayapitia moja moja kama alivyofanya siku ile. Akashuka mpaka kulabu ya mwisho yenye kamba ya katani peke yake. Akakaa hapo.

"Baba," Kinue akaanza. "Samaki huyu..."

Midomo ya Tokuji ilikuwa inajikusanya. Kinue akanyamaza, kwa sababu neno lilikuwa njiani na ukimkatiza linarudi. Jasho likamtoka mzee kwenye paji la uso. Ule upande mmoja wa mdomo ukapanda, ukapanda zaidi.

"Gunia," akasema.

Nje kulikuwa na sauti za wageni waliokuja kufunga mwaka mjini kwetu, wanaulizana njia ya kurudi stesheni. Kinue aliuweka uzi pembeni ya sahani, pale wanapoweka mifupa. Tokuji alikuwa amefungua kinywa tena, anasubiri. Akachambua nyama nyingine, akaipapasa kwanza kwa kidole, akamlisha.